Dirisha la Ada: Sifuri iliyo chini ya barua

Kwa wasomaji wapya: nilikaa dirisha la uhasibu la chuo kimoja hapa Tabora miaka 22, tisa ya mwisho nikishika dawati la mikopo. Sasa nimestaafu, naishi Isevya, na kila mwezi najibu barua zenu kuhusu ada, mikopo na gharama za masomo. Safari hii barua ya kwanza imenichukua siku nne, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa nayo.

Kutoka Makere, Kasulu

*Shikamoo mama. Mimi nauza vitenge na mawese hapa Makere. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo tulishibana sana, tukiuziana na kukopeshana mpaka watu wakidhani ni ndugu. Yeye na wanawe walichukuliwa kwenda Marekani binti yake akiwa bado mdogo, na hadi leo binti huyo ananiita mama mkubwa. Sasa anamaliza sekondari na amekubaliwa vyuo vitatu. Wamenitumia picha za barua kwa WhatsApp. Mama yake, ambaye hufungasha kuku kiwandani huko, hasomi Kiingereza, na binti anasema maneno anayaelewa ila hesabu hazimwingii. Mwanangu aliyesoma huko Tabora alizitazama akasema, mwandikie yule mama wa dirishani aliyekuwa akitusainisha bumu, ile hela ya kujikimu ya wanafunzi.*

*Chuo cha kwanza kimeandika gharama dola 46,200, na chini kabisa salio ni 0. Cha pili gharama 24,900, salio 7,400. Cha tatu kinasema kitamrudishia binti dola 2,595. Rafiki yangu anataka cha kwanza kwa kuwa hakidai kitu. Mimi roho inanisita. Tumesikia serikali ya huko imevibana vyuo viseme ukweli wa gharama. Je, sifuri hiyo ni ya kweli?*

Marahaba mwanangu. Roho yako imeona vizuri. Nilizipeleka picha zako steshenari wakanichapia kwenye karatasi, nikakaa nazo barazani na kalamu nyekundu. Sifuri ile si uongo wa hesabu, maana ukijumlisha inafika kweli 46,200. Ila imejumlisha vitu visivyojumlishwa pamoja.

Tuipitie barua ya kwanza mstari kwa mstari. Ufadhili wa chuo chenyewe, 18,000. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, 7,395, ambacho ni kiwango cha juu kabisa kwa mwaka. Hivi viwili ni vya kupewa, havirudishwi. Jumla yake ni 25,395, na hapo nimechora mstari mwekundu. Chini ya mstari huo hakuna zawadi tena.

Baada yake kuna 3,500 na 2,000. Hiyo ni mikopo ya serikali kwa jina la binti, na 5,500 ndiyo kikomo cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi. Katika ile 3,500 serikali inabeba riba wakati binti yuko masomoni. Katika ile 2,000 riba inaanza kuhesabiwa fedha ikishatoka. Inafuata 2,500 ya kazi za chuo. Hii hapewi mkononi. Atafutiwe kazi, aifanye, alipwe kwa saa, kidogo kidogo mwaka mzima, kwa hiyo siku ya kusajiliwa haimsaidii kulipa hata senti.

Mstari wa mwisho ndio ulionikasirisha: 12,805. Umeandikwa herufi nne tu, PLUS, bila neno lingine lolote. Mwanangu, huo ni mkopo wa mzazi. Atakayesaini ni rafiki yako, deni ni lake yeye anayefungasha kuku kiwandani, si la binti, na kwanza watachunguza historia yake ya madeni ndipo waamue kama atapewa. Chuo kimeuchukua mkopo ambao mama hajauomba, kimeujaza kwenye pengo, halafu kikaandika salio 0. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeuwekea mkopo huo kikomo kuanzia Julai 1, 2026: dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto na 65,000 kwa jumla. Kikomo hicho hakimwokoi rafiki yako, kwani 12,805 mara nne ni 51,220, yote anaruhusiwa kubebeshwa.

Kwa hiyo bei ya chuo cha kwanza kwa familia hii ni 46,200 toa 25,395. Ni dola 20,805 kwa mwaka.

Sasa barua ya pili, ile iliyowatisha. Pell 7,395, ruzuku ya jimbo 3,105, ruzuku ya chuo 1,500. Vya kupewa vinafika 12,000 kamili. Gharama 24,900, inabaki 12,900. Wao wametaja mkopo wa binti 5,500 kwenye mstari wake, umeandikwa mkopo waziwazi, ndipo wakasema zinabaki 7,400 za kutafuta. Chuo hiki kimekuwa muungwana. Kimeonekana ghali kwa sababu kimesema kweli. Tofauti ya vyuo hivi viwili ni dola 7,905 kwa mwaka, na bei zikibaki zilivyo, kwa miaka minne ni 31,620. Na chenye sifuri ndicho cha ghali.

Barua ya tatu ni ya chuo cha karibu na kwao, kile cha miaka miwili. Kimeandika ada na tozo tu, 4,800, kikaweka Pell 7,395 pembeni, ndiyo wakapata hiyo 2,595 ya kurudishiwa. Chakula, basi na vitabu havimo. Nilimwambia mwanao afungue ukurasa wa chuo hicho kwenye intaneti, na tukazikuta gharama kamili kwa anayekaa nyumbani: 14,700. Basi ile 2,595 ndiyo nauli na vitabu vya mwaka mzima, asije mtu akaitamani kwa jambo lingine. Ila kumbuka, sehemu kubwa ya hizo 14,700 ni ugali anaoula tayari kwa mama yake na kitanda anacholalia tayari. Fedha mpya ya kutafuta ni ndogo. Chuo hiki wasikidharau.

Unauliza kama serikali haijavibana vyuo. Imevibana, tena kwa miaka mingi, na ndiyo maana mwanao alizipata zile 14,700. Sheria yao ya mwaka 2008 ililazimisha kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kiweke kwenye ukurasa wake kikokotoo cha kumwonyesha mzazi makadirio ya gharama baada ya kutoa ruzuku, na vyuo vikapewa hadi Oktoba 29, 2011. Kisha ikaja sheria ya Desemba 2020 iliyorahisisha fomu ya kuomba misaada. Ndani yake imo amri kwamba chuo kinapotangaza ada kwenye ukurasa wake, hapohapo kitangaze na gharama nyingine zote za kuishi na kusoma. Sehemu hiyo ilianza kutumika Julai 1, 2023. Kuna kifungu kimoja nilikisoma mara mbili: fungu la chakula lazima litoshe milo mitatu kwa siku. Imeandikwa hivyo kwenye sheria. Mimi niliyeona vijana wakila mlo mmoja ili hela ifike mwisho wa muhula, kifungu hicho nimekipenda kuliko vyote.

Lakini barua yenyewe, hii uliyonitumia, hakuna sheria ya serikali kuu inayovilazimisha vyuo vyote viiandike kwa mtindo mmoja. Wizara ya Elimu ya huko ina fomu yake ya mfano, ila kwa vyuo vingi kuitumia ni hiari. Mwaka 2018 mashirika mawili, New America na uAspire, yalichambua maelfu ya barua za namna hii. Katika vyuo 455 vilivyokuwa vikitoa ule mkopo ambao riba yake haibebwi na serikali, mkopo huohuo mmoja ulikutwa na majina 136, na 24 kati ya majina hayo hayakuwa na neno mkopo ndani yake. Mwaka 2022 ofisi inayokagua mambo ya serikali kwa niaba ya Bunge lao, GAO, ikakadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama haviandiki kabisa kiasi halisi kitakachobaki kwa familia, ama vinaandika pungufu. Baada ya aibu hiyo vyama vya vyuo vyenyewe vikatunga kanuni mwaka 2023: ruzuku ikae peke yake, mkopo uitwe mkopo, na gharama halisi iandikwe. Mamia ya vyuo vimejiunga. Barua yako ya pili inafuata mtindo huo. Ya kwanza, hapana.

Unaliona jambo lenyewe? Chuo kinaweza kuipelekea serikali hesabu safi isiyo na doa, na mama anayelipa akapelekewa karatasi nyingine. Nalijua hili kwa mikono yangu, nitalieleza kwa msomaji wa pili.

Mwambie rafiki yako asisaini chochote chenye herufi za PLUS kabla hamjaongea. Binti aandike barua pepe kwa dawati la misaada la chuo cha kwanza, aulize mambo matatu. Ufadhili wa 18,000 ni wa mwaka mmoja au minne? Alama zikishuka kiasi gani unaondolewa? Na, bila mkopo wa mzazi, wanaweza kuongeza ruzuku? La mwisho wasilionee haya. Dawati la misaada lina mamlaka ya kupitia upya kesi ya mwanafunzi hali ya familia ikibadilika, mathalani mama akipunguziwa saa za kazi, na wanaouliza ndio wanaopitiwa. Aitume na barua ya chuo cha pili kama ushahidi. Wakikataa, mimi kwa upande wangu ningekwenda na chuo cha pili, kile cha 12,900, au ningeanza miaka miwili pale karibu na nyumbani, lakini kwanza nihakikishe kwa maandishi kwamba masomo ya pale yatapokelewa atakapohamia kwingine.

Na wewe, Mungu akulipe kwa kumshikia rafiki yako mkono kutoka Makere.

Kutoka Tabora Mjini

*Mwangaluka mama. Ni mhasibu msaidizi katika chuo cha ngazi ya kati hapa mjini. Mkuu wetu ameagiza tutengeneze karatasi moja yenye gharama zote za mwaka, si ada tu, iende pamoja na fomu ya kujiunga. Mwenzangu ofisini anasema tukiandika mpaka kodi ya chumba tutawafukuza waombaji, watakimbilia vyuo vinavyoandika ada peke yake. Umewahi kugusia kwamba Marekani vyuo vinaripoti gharama hadi za kila kozi. Wanaifanyaje kazi hiyo ofisini, na sisi watu watatu tutaiweza?*

Mwangaluka mwanangu. Mkuu wako mpe heshima yake, amewaza jema.

Nianze na wenzetu. Mbali na hizo sheria nilizozitaja hapo juu, Wizara yao ilichapisha kanuni Oktoba 10, 2023, ikaanza kutumika Julai 1, 2024. Kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kinatakiwa kuripoti kwa kila kozi, na ndani ya kozi kwa kila mwanafunzi aliyepata misaada hiyo: alianza lini na akamaliza lini, ada na tozo alizotozwa, vitabu na vifaa, gharama kamili za kusoma na kuishi, ruzuku aliyopewa na chuo, ruzuku za kwingine, na mikopo ya binafsi ambayo chuo kinaijua. Faili linapelekwa kwenye kanzidata ya taifa ya mikopo ya wanafunzi. Serikali inachukua hesabu hizo, inazilinganisha na vipato vya wahitimu kwenye kumbukumbu zake yenyewe, halafu inaangalia kama kozi inamlipa mtu. Kwa kanuni hiyo ilivyochapishwa, kozi inafaulu kipimo cha deni ikiwa malipo ya mkopo kwa mwaka hayazidi asilimia 8 ya kipato cha mhitimu aliye katikati wakipangwa kwa kipato, au asilimia 20 ya kile kinachobaki baada ya kuondoa fedha ya kujikimu. Pia wanaangalia kama mhitimu anamzidi kipato kijana aliyeishia sekondari. Vyuo ambavyo kozi zao zina wahitimu wachache mno, chini ya 30 kwa miaka minne, vimesamehewa kuripoti.

Huko ofisini hali ikawaje? Kama ungekuwa dirishani kwangu ungejua bila kuambiwa. Msajili ana tarehe za kuanza na kumaliza. Mhasibu ana ada iliyotozwa. Dawati la misaada lina ruzuku na mikopo. Programu tatu, na kila moja inamwita mwanafunzi kwa namba yake. Kanuni inataka mstari mmoja. Sasa chukua aliyeanza uuguzi akahamia maabara katikati ya mwaka: ada yake igawanywe vipi, na ruzuku ihesabiwe kwa kozi ipi? Kozi zenyewe zinatambuliwa kwa namba ya tarakimu sita, na vyuo vingi viligundua kwamba kozi ile ile imesajiliwa kwa namba moja kwa msajili na nyingine kwenye dawati la misaada. Na mwaka uleule fomu mpya ya kuomba misaada, iliyozoeleka kufunguliwa Oktoba, ikafunguliwa mwisho wa Desemba 2023 ikiwa na kasoro nyingi, madawati ya misaada yakazidiwa. Tarehe ya mwisho ya kuripoti ilikuwa Julai 31, 2024. Ikasogezwa Oktoba 1, kisha Januari 15, 2025, na kusogezwa kukaendelea hadi Septemba 30, 2025. Vyuo viliruhusiwa pia kuanza na miaka miwili ya karibuni badala ya kufukua majalada ya miaka mingi nyuma.

Ninachokiokota humo kwa ajili yenu watu watatu ni kimoja: wekeni mtu mmoja mwenye karatasi hiyo, jina lake liandikwe chini, na aanze na orodha ya kozi kabla ya kugusa shilingi yoyote. Orodha ya kozi ya msajili na ya mhasibu zikishafanana herufi kwa herufi, mmeshavuka korongo.

Halafu tokeni nje. Gharama za kuishi hazipatikani kwenye leja. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, unaonyesha ada ya kozi, na fomu zetu nyingi zinaishia hapohapo. Nendeni Ng'ambo, Kiloleni, Cheyo na huku kwetu Isevya mkaulize kodi ya chumba cha kawaida, na muulize vilevile mwenye nyumba anataka miezi mingapi kwa mkupuo, maana kodi ya elfu thelathini kwa mwezi ikidaiwa miezi sita ni laki moja na themanini siku ya kwanza. Muulizeni mama ntilie wa jirani na chuo sahani ya ubwabwa maharage ni bei gani, mzidishe kwa milo mitatu, kama ile sheria ya wenzetu. Nauli ya treni na ya basi kutoka Kigoma, Mpanda na Nzega, kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo: mwanafunzi akipangiwa Sikonge au Urambo analala wapi na anakula nini? Bima ya afya. Sare na vifaa kwa kozi za afya. Kupiga chapa na kutoa nakala, jambo ambalo wakuu wa idara hulisahau kila mwaka. Andikeni na tarehe mliyouliza bei.

Sasa huyo mwenzako anayeogopa. Nimweleze kisa, na sikusikia kwa mtu, nilikuwa dirishani mimi mwenyewe.

Mwezi wa kumi, mwaka mmoja, alishuka kijana kwenye treni ya alfajiri kutoka Uvinza. Alifika dirishani kwangu kabla sijafungua, na bahasha ya kaki ndani ya shati. Alikuwa na shilingi 350,000, hesabu kamili, kwa kuwa fomu yetu ya kujiunga ilisema ukurasa wa kwanza: ada ya muhula, 350,000. Baba yake alikuwa ameuza mbuzi na chumvi kupata hizo. Nikamwambia bado 187,000. Kitambulisho, mitihani, bima, fedha ya tahadhari, serikali ya wanafunzi. Vilikuwa vimeandikwa, ndiyo, ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo, bila jumla. Akaniuliza kwa adabu, "Mama, mbona hamkuiweka pamoja?" Hosteli zilikuwa zimejaa. Alilala stesheni siku mbili akipiga simu kwao, siku ya tatu akaja kuniaga. Sikumwona tena, na jina lake halikurudi kwenye orodha ya mwaka uliofuata. Nililitafuta.

Ile fomu niliichapa mimi. Na wiki ileile nilikuwa nimeandaa taarifa ya mapato kwa wakubwa serikalini, na humo ile 187,000 ilikuwa imepangwa vizuri, kila tozo na kifungu chake, jumla imepigwa mistari miwili. Serikali ilijua. Kijana wa Uvinza hakujua. Tangu siku hiyo kila fomu iliyopita mikononi mwangu ilikuwa na kisanduku kimoja ukurasa wa kwanza: *Fedha unayotakiwa kuwa nayo mkononi siku unayofika*. Niligombana na watu kwa ajili ya kisanduku hicho.

Nanyi kiwekeni. Jumla ya mwaka ni jambo moja, na fedha ya siku ya kwanza ni jambo lingine, hasa kwa wanaotegemea mkopo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha na baadhi ya wanafunzi wa stashahada, kwa hiyo mtawapata na ninyi. Mkopo hautoki siku ya kuripoti. Unasubiri usajili, unasubiri orodha, unasubiri kusaini. Mwandikieni mwanafunzi ajipange kula wiki sita za mwanzo kwa hela ya nyumbani.

Je, mtapoteza waombaji? Huenda mkapoteza wachache. Kijana wa Uvinza angeiona jumla angebaki kwao mwaka mmoja, angeongeza mbuzi, angekuja mwaka unaofuata akamaliza. Anayekimbia karatasi ya ukweli mwezi wa saba mlikuwa mmpoteze mwezi wa kumi na moja, akiwa ameshalipa nusu. Na mkuu wako amwambie hivi mwenzake wa chuo cha jirani, wakubaliane mtindo mmoja. Vyuo vya mjini hapa mnajuana, mnakutana kwenye misiba na kwenye vikao. Nileteeni rasimu niipitie, kalamu nyekundu bado ninayo.

Kutoka Mwanga, Kigoma

*Shikamoo bibi. Nimepata mkopo wa Bodi, naenda mwaka wa kwanza chuo kikuu. Baba anawaambia watu nimepata ufadhili wa serikali na hataki kuchangia kitu. Nimwelezeje? Na bumu ni mkopo pia au hiyo ni posho?*

Marahaba mjukuu wangu, hongera. Bumu ni mkopo. Ile shilingi 10,000 ya chakula na malazi kwa siku, iliyopandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500, utairudisha kama utakavyorudisha ada. Ukishaajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Nafuu moja kubwa: ile asilimia 6 ya kila mwaka iliyokuwa ikiitwa tozo ya kutunza thamani ya fedha iliondolewa mwaka 2021, wakubwa zako iliwatesa.

Baba usimpinge mbele ya watu. Mkae jioni, ufungue akaunti yako ya Bodi kwenye simu, umwonyeshe mgawanyo: ada wamekupa kiasi gani kati ya ada yote, chakula na malazi kiasi gani, vitabu kiasi gani. Palipopungua paandike kwenye karatasi kwa mkono wako, kisha andika na nauli ya kutoka Kigoma, godoro, na chakula cha wiki sita kabla ya kusaini bumu la kwanza. Mpe karatasi hiyo umwombe akusaidie kwa hicho tu. Baba wengi wa Mwanga niliowahi kukutana nao dirishani walikataa nilipowatajia chuo kwa jumla, ila nilipowaandikia kiasi na tarehe walikwenda mwaloni Kibirizi wakarudi nacho.